USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA: SOMO KUTOKA KWA NYUMBA ZA WARUMI WA KALE

 Leo nataka tujifunze pamoja somo ambalo huenda likaonekana geni katika gazeti la chama cha Kiswahili. Nitazungumza juu ya nyumba za Warumi wa kale: jinsi zilivyojengwa, zilivyotunzwa na zilivyobadilika kadiri miaka ilivyopita. Usinikimbie, msomaji mpenzi. Ukifika mwisho utaona kwamba somo hili liko karibu nasi kuliko unavyodhani.

Methali ya "Usipoziba ufa utajenga ukuta" tumeisikia tangu shule ya msingi. Tunaitia kwenye insha, mwalimu anaweka alama ya vema, basi, tunasonga mbele. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuuliza maswali haya: Ufa huo ni wa nani? Aliye na wajibu wa kuuziba ni nani, mwenye nyumba ama mpangaji? Na je, kila aliyepaka lipu juu ya ufa ameuziba? Nilipoanza kusoma habari za nyumba za Warumi, niliona kwamba watu wale walihangaika na maswali haya haya kwa mamia ya miaka. Wengine waliyajibu vizuri, wengine vibaya. Na kwa kuwa mlima Vesuvius ulizifukia baadhi ya nyumba zao kwa ghafla, majibu yao bado tunaweza kuyasoma ukutani.

Katika mijadala ya chama chetu, habari ya majengo ya zamani haikosi kuwasha moto. Upande mmoja husema cha kale hakikosi dhahabu. Upande wa pili hujibu kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi naona pande zote mbili huruka swali lenyewe. Nyumba haijengwi mara moja ikawa imekwisha. Nyumba huendelea kujengwa na kila mtu anayeitunza, na anayeacha kuitunza ameanza kuibomoa, hata kama hajashika nyundo. Tena, kuziba ufa ni jambo moja na kuficha ufa ni jambo lingine. Hiyo ndiyo hoja yangu, na mashahidi wangu ni Warumi.

MANENO YA KUTOFAUTISHA

Kwanza tutofautishe maneno manne. Kutunza ni kazi ya kila siku: kuzibua mtaro, kubadilisha kigae kilichovunjika, kupaka chokaa. Kukarabati ni kulirudishia jengo lililoharibika hali yake njema. Kugeuza ni kulipa jengo kazi mpya, kwa mfano nyumba ya kuishi ikawa duka. Kubomoa kila mtu anakujua. Warumi walifanya yote manne, na mara nyingi walifanya hivyo kwa nyumba ile ile moja.

NYUMBA ZENYEWE ZILIKUWAJE?

Mjini, Warumi waliishi katika nyumba za aina mbili kuu. Ya kwanza iliitwa domusi, nayo ilikuwa ya mtu mwenye uwezo. Ukiingia mlangoni unapita ujia mwembamba, kisha unatokea katika ukumbi mkubwa uitwao atriamu. Paa la ukumbi huu lilikuwa na uwazi katikati, na pande zake zote ziliinama kuelekea ndani. Mvua iliponyesha, maji yaliteremka juu ya vigae, yakaanguka katika birika la kina kifupi lililokuwa sakafuni, kisha yakaingia kisimani chini ya sakafu. Hayo ndiyo maji ya kutumia nyumbani. Kando ya ukumbi kulikuwa na vyumba, na nyuma kulikuwa na bustani iliyozungukwa na nguzo. Upande wa barabarani, mwenye nyumba aliweza kuwa na chumba kimoja ama viwili vya maduka.

Aina ya pili iliitwa insula, yaani jumba la ghorofa la kupangisha. Chini palikuwa na maduka, na juu vyumba vya wapangaji. Matajiri walipendelea ghorofa za chini. Maskini walipanda ngazi, na kadiri walivyopanda ndivyo hatari ilivyozidi, kwa maana moto ukizuka chini, wa juu atakimbilia wapi? Kaisari Augustus alikataza majengo ya barabarani yasipite futi 70 za Kirumi, yaani kama mita 21. Baadaye Kaisari Trajan, aliyetawala kuanzia mwaka wa 98 hadi wa 117, akapunguza hadi futi 60. Kumbe hata wakati ule kulikuwa na wenye nyumba waliopenda kuongeza ghorofa juu ya ghorofa bila kuuliza msingi utasemaje!

MAJI NDIYO ADUI WA KWANZA

Paa la Kirumi lilikuwa na vigae vya aina mbili: kigae bapa chenye kingo zilizoinuka, na kigae kilichopinda kama nusu ya bomba ambacho kilifunika maungio. Vikiwa vizima, maji hayapiti. Kimoja kikivunjika, hapo ndipo msiba unapoanzia.

Plautus, mtunzi wa tamthilia za vichekesho aliyefariki karibu mwaka wa 184 K.K. (Kabla ya Kristo), alilijua jambo hili vizuri. Katika tamthilia yake iitwayo Mostellaria, kijana mmoja anamlinganisha binadamu na nyumba mpya. Nyumba ni nzuri na majirani wanaisifu. Kisha anahamia mtu mvivu. Dhoruba inavunja vigae, naye hajali kuweka vingine. Mvua inaingia, kuta zinalowa, mbao zinaoza, na kazi yote ya fundi inapotea bure. Kijana anasema kwamba wazazi ndio mafundi wa watoto wao, na uvivu ndio dhoruba iliyoharibu nyumba yake. Sisi wanafunzi tuna la kujifunza hapo, ila leo sitaki kuwahubiria.

Shahidi wa pili ni Vitruvius, mjenzi aliyeandika vitabu 10 juu ya ujenzi kati ya mwaka wa 30 na wa 20 K.K. hivi. Kwa kuta za matofali mabichi, yaani yaliyokaushwa juani, alitoa shauri moja la busara. Juu kabisa ya ukuta, chini ya vigae, fundi ajenge mstari wa matofali yaliyochomwa wa kimo cha futi moja na nusu, nao utokeze nje kidogo. Siku kigae kikivunjika ama kikipeperushwa na upepo, maji yatadondokea mbali na ukuta. Kwa maneno mengine, ukuta uvalishwe kofia! Angalia vile fundi huyu alivyofikiri. Hakusema kigae hakitavunjika. Alijua kitavunjika, akajenga akiitazamia siku hiyo.

Vitruvius anatueleza pia jinsi Warumi walivyokadiria bei ya ukuta uliotumiwa na majirani wawili. Kama ulikuwa wa mawe madogo na chokaa, wakadiriaji walitafuta bei yake ya kwanza, kisha kwa kila mwaka uliopita wakatoa sehemu moja ya 80. Tuseme ukuta uligharimu sarafu 800 na una umri wa miaka 20. Unatoa sarafu 10 kwa kila mwaka, jumla 200, na ukuta sasa una thamani ya sarafu 600. Kwa hesabu hiyo ukuta wa namna hii ulipewa maisha ya miaka 80 tu. Lakini ukuta wa matofali mabichi, mradi umesimama wima kwa timazi, haukutolewa hata senti. Thamani yake ilibaki ile ile ya siku ulipojengwa.

Hebu tulitafakari jambo hili. Udongo uliokaushwa juani ulihesabiwa kuwa bora kuliko mawe! Lakini sharti lilikuwa moja: timazi iseme kwamba ukuta haujainama. Umri peke yake haukutosha kuuhukumu. Nadhani hapa wale wanaopenda kusema "ni la zamani, libomolewe" wangenyamaza kidogo wakatafute timazi kwanza.

KUFICHA UFA SI KUUZIBA

Tusije tukadhani Warumi wote walikuwa kama Vitruvius. La hasha! Kulikuwa na ulaghai mwingi. Mshairi Juvenal, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2 B.K. (Baada ya Kristo), alilalamika kwamba sehemu kubwa ya mji wa Roma ilishikiliwa na miti myembamba ya kuegemeza. Msimamizi wa nyumba akishafunika ufa wa siku nyingi, anasema mshairi, huwaambia wapangaji walale bila wasiwasi, ilhali jengo liko karibu kuwaangukia. Mshairi wa kejeli hutia chumvi, ni kweli. Hata hivyo, chumvi hutiwa kwenye chakula kilichopo.

Kuna na habari ya Cicero, msemaji hodari na mwanasiasa mashuhuri. Mwezi wa Aprili mwaka wa 44 K.K. alimwandikia rafiki yake Atticus kwamba maduka yake mawili yameanguka na mengine yanapasuka. Alitania kwamba si wapangaji tu waliohama, hata panya wamehama! Kisha akaeleza kwamba kuna mpango wa kujenga upya ambao ungeigeuza hasara ile kuwa faida. Mimi niliposoma hayo nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Mwenye nyumba anaweza kutania kwa sababu yeye halali humo. Je, yule mpangaji aliyefungasha virago vyake usiku kwa kuhofia dari, naye alicheka?

Tena alikuwepo tajiri Crassus, aliyefariki mwaka wa 53 K.K. Mwandishi Plutarch anasimulia kwamba Crassus alikuwa na watumwa zaidi ya 500 waliokuwa mafundi na wajenzi. Nyumba ikishika moto ama ikianguka, yeye alikuja kuinunua pamoja na zile za jirani, maana wenyewe kwa hofu waliziuza kwa bei ya kutupa. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya Roma ilivyoingia mikononi mwake. Hapo ndipo tunaona kwamba ufa usiozibwa huwa hasara kwa mmoja na mtaji kwa mwingine.

Hata namna ya kujenga ilichangia. Ili kuongeza ghorofa haraka na kwa gharama ndogo, watu walisimamisha fremu ya mbao na kujaza mawe na chokaa katikati. Ukuta kama huo ni mwepesi na hauli nafasi. Lakini Vitruvius alisema ni heri usingebuniwa, kwa kuwa huwaka kama mwenge na lipu yake hupasuka pasuka. Katika mji wa Herculaneum kuna nyumba nzima ya namna hii ambayo bado yaonekana hadi leo.

NANI ATENGENEZE? SHERIA ILISEMAJE?

Baada ya maumivu mengi, Warumi walitunga sheria, na sheria hizo ndizo zilizonivutia zaidi.

Kwanza, jirani. Nyumba yako ikiinama kiasi cha kutishia nyumba yangu, mimi sikulazimika kungoja inivunjie. Niliweza kwenda mbele ya hakimu mkuu nikadai uahidi rasmi kwamba utanilipa ikianguka. Ukikataa, hakimu aliniruhusu kuingia na kuikalia mali yako. Sheria iliuangalia ufa kabla haujawa msiba.

Pili, maji. Ilikuwa ni haki inayotambuliwa kisheria maji ya paa lako kudondokea kwenye uwanja wa jirani, lakini mlipaswa kuwa mmekubaliana. Mtu hakuruhusiwa kuinamisha paa lake apendavyo na kumwagia mwenziwe mafuriko.

Tatu, mpangaji. Mwenye nyumba aliweza kumtaka mpangaji atoke kwa muda ikiwa nyumba ilihitaji kutengenezwa kweli. Na mpangaji naye, akihama kwa sababu ya hofu yenye msingi, hakudaiwa kodi ya muda ule. Wanasheria waliuliza tu: je, palikuwa na sababu ya kuogopa? Kama ipo, basi hata kama nyumba haikuanguka, mpangaji hana deni.

Nne, wabomoaji. Wakati wa Kaisari Claudius, aliyetawala kuanzia mwaka wa 41 hadi wa 54, baraza la senati lilipiga marufuku kununua nyumba ili kuibomoa na kuuza vifaa vyake kwa faida. Aliyepatikana na kosa hilo alilipa hazina ya serikali mara mbili ya bei aliyonunulia. Na baada ya moto mkubwa wa Roma wa mwaka wa 64, Kaisari Nero aliagiza barabara ziwe pana, kila nyumba iwe na kuta zake yenyewe, na sehemu fulani za majengo zijengwe kwa mawe yasiyoshika moto badala ya mbao.

Je, sheria hizo zilifuatwa zote? Malalamiko ya Juvenal yaliandikwa baada ya Nero, kwa hivyo jibu unalo. Sheria haichanganyi chokaa. Lakini angalau mpangaji alijua pa kusimama.

POMPEII: MJI ULIOKUWA UKIPIGA LIPU

Sasa twende katika mji wa Pompeii, kusini mwa Italia. Mwaka wa 62 ama 63 B.K. tetemeko kubwa la ardhi liliutikisa mji huu. Katika nyumba ya Lucius Caecilius Iucundus, mtu aliyeshughulika na fedha na minada, palipatikana mchongo wa marumaru unaoonyesha hekalu la mjini likiinama kama mlevi. Na katika nyumba hiyo hiyo, mwaka wa 1875, zilifukuliwa hati zake 154 za biashara zilizoandikwa kwenye vibao vya mbao.

Baada ya tetemeko watu wa Pompeii hawakuhama wote. Walianza kutengeneza. Ukitazama kuta zao leo unaona mahali ambapo mawe ya zamani yamekatika na matofali mapya yakatiwa, ama mlango uliozibwa kabisa ili ukuta upate nguvu. Kila kiraka ni uamuzi wa mtu: hiki kibaki, hiki kiondoke.

Wengine waliokoa fahari ya kale. Nyumba kubwa iitwayo Nyumba ya Fauno, yenye karibu mita 3,000 za mraba, ilikuwa na umri wa miaka 200 na zaidi. Wenyewe hawakufuata mitindo mipya ya rangi. Walihifadhi kuta zao za mtindo wa zamani. Hata picha maarufu ya sakafuni ya vita vya Alexander, iliyotengenezwa kwa vijiwe vidogo vidogo, ilikuwa imeharibika mahali fulani ikatiwa viraka zamani hizo hizo.

Wengine waligeuza kila kitu. Nyumba ya Vettii ilikuwa ya watu wawili ambao wanaaminika walikuwa watumwa walioachiwa huru wakatajirika. Baada ya tetemeko waliipamba upya kwa picha za rangi kali, na bustani yao wakaijaza chemchemi za maji. Maji hayo yalitoka wapi? Zamani Pompeii ilitegemea visima na maji ya mvua. Wakati wa Augustus ukajengwa mfereji mrefu wa kuleta maji kutoka milimani, na mabomba ya risasi yakaingia majumbani. Hapo birika la ukumbini likapunguziwa kazi. Kilichokuwa riziki kikawa pambo.

Halafu kuna nyumba iliyogeuzwa kuwa kiwanda. Ile inayoitwa ya Stephanus ilikuwa nyumba ya kawaida yenye atriamu. Ikafanywa mahali pa kufua na kusafisha nguo. Birika la mvua la ukumbini likajengewa ukingo likawa beseni la kufulia, na nyuma yakajengwa mabeseni mengine. Ukumbi ambao zamani mwenye nyumba aliketi kupokea wageni wake wa heshima sasa ulikuwa na mafundi waliolowa hadi magotini!

Na wengine walipangisha. Julia Felix, mama aliyekuwa na mali nyingi, alitangaza kukodisha bafu lake, maduka na vyumba vya ghorofani kwa muda wa miaka 5. Tangazo lingine, la Gnaeus Alleius Nigidius Maius, lilisema kuna maduka, vyumba vya juu na nyumba kuanzia tarehe 1 Julai, na anayetaka amwone mtumwa wake Primus. Matangazo yote mawili yalipakwa ukutani. Ukiyasoma utadhani ni ya juzi.

Mwaka wa 79 Vesuvius ukalipuka, na kazi ikakatika mikononi mwa mafundi. Katika nyumba moja wapakaji rangi walikimbia wakaacha vyungu vya rangi na chokaa, na ukuta ambao umechorwa nusu. Mwaka wa 2024 wasimamizi wa Pompeii walitangaza kuwa wamefukua nyumba nyingine iliyokuwa ikitengenezwa siku hiyo. Mawe na vigae vilikuwa vimepangwa tayari, majembe yalikuwepo, na kipande cha risasi cha timazi kilikuwa pale pale. Miaka 17 hivi baada ya tetemeko, mji ulikuwa bado ukiziba nyufa zake.

NYUMBA IKAWA KANISA

Je, kule ambako hakukufukiwa na mlima nyumba zilikwenda wapi? Nyingi ziliendelea kutumika, zikibadilika. Katika mji wa bandari wa Ostia, majumba ya matofali ya karne ya 2 yalipopoteza wapangaji, baadhi ya matajiri wa karne ya 4 walichukua majengo ya zamani wakajitengenezea humo nyumba nzuri zenye sakafu za marumaru. Nyumba ya Amor na Psyche ni mojawapo.

Mjini Roma, kwenye kilima cha Celio, jumba la kupangisha lenye maduka liliunganishwa na nyumba jirani katika karne ya 3, vyote vikawa makao ya tajiri mmoja. Karne ya 5 ilipoanza, kanisa la Watakatifu Yohana na Paulo likajengwa juu yake. Mpaka leo ubavuni mwa kanisa hilo unaweza kuona madirisha na matao ya maduka ya lile jumba la kwanza. Na chini ya kilima cha Capitolino kuna jumba la ghorofa la karne ya 2 ambalo kanisa dogo lilijengwa ndani yake baadaye. Kuta hizi zilisalia kwa sababu hakukukosekana mtu wa kuzitumia. Nyumba yenye kazi ina mtu wa kuona kigae kikivunjika.

NYUMBA ZILIZOFUKULIWA ZAANZA KUZEEKA TENA

Kazi ya kufukua Herculaneum ilianza mwaka wa 1738 na ya Pompeii mwaka wa 1748. Wengi walidhani nyumba zikishatolewa mavumbini zimeokoka. Kumbe zilipotoka tu, mvua ikazikuta tena! Pompeii ilipigwa mabomu mwaka wa 1943 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jengo moja liitwalo Schola Armaturarum, ambalo halikuwa nyumba ya kuishi, lilijengwa upya baada ya vita na kuwekewa paa zito la saruji na vyuma. Tarehe 6 Novemba 2010, baada ya mvua nyingi, likaanguka. Dunia nzima ilishtuka. Serikali ya Italia na Umoja wa Ulaya wakatoa mamilioni ya pesa kwa mradi mkubwa wa kuokoa mji huo. Wangeziba ufa mapema, sijui kama wangehitaji mamilioni hayo yote.

Kule Herculaneum, mradi wa utunzaji ulioanza mwaka wa 2001 ulifuata njia ya Vitruvius: kwanza maji. Mapaa na mifereji yake ilitengenezwa, na mitaro ya kale iliyo chini ya mitaa ikazibuliwa ili ipitishe maji tena. Yaani mtaro wa Mrumi ulirudishwa kazini baada ya miaka karibu 2,000.

Kuna na jambo la kushangaza zaidi. Mwaka wa 2023 watafiti walichapisha uchunguzi wao juu ya zege la Kirumi. Zege hilo lilikuwa na chokaa, mawe na majivu ya volkano yaitwayo pozolana. Ndani yake wakakuta madonge madogo meupe ya chokaa ambayo zamani watu walidhani ni uzembe wa fundi. Kumbe ukuta ukipata ufa mdogo na maji yakaingia, donge huyeyuka, kisha huganda tena ndani ya ufa na kuuziba. Walipolijaribu zege la namna hiyo katika maabara, ufa uliziba katika muda wa wiki mbili! Hapo methali yetu imepata ukuta unaoitii wenyewe. Lakini hata zege hilo huziba ufa mwembamba tu. Ule mpana bado unamngoja binadamu mwenye mwiko.

HITIMISHO

Wenzangu, nikusanye niliyoyasema. Warumi walijenga kwa ustadi, ndiyo, lakini ustadi peke yake haukutosha. Nyumba zilizodumu ni zile zilizokuwa na mtu wa kupanda paani, wa kuzibua mtaro, wa kushika timazi, na wa kukubali kwamba ukumbi wa babu sasa uwe mahali pa kufulia nguo. Zilizoua watu ni zile ambazo nyufa zake zilifunikwa kwa lipu na maneno matamu. Kwa hivyo tunapotumia methali hii katika insha, tuitumie kwa maana yake kamili. Kuziba ni kutafuta ufa ulikoanzia. Anayepaka juu juu anamdanganya yule anayelala ndani.

Na siku ukiwa mwenye nyumba, msomaji wangu, mpangaji akikuambia kuna ufa, usimwambie alale bila wasiwasi. Panda ukatazame. Hapa nakunja jamvi. 

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya kutunza, kukarabati na kugeuza nyumba. Toa mfano mmoja mmoja kutoka makala haya.

2. Ukuta wa mawe na chokaa uligharimu sarafu 1,600 na una umri wa miaka 30. Kwa hesabu ya Warumi, sasa una thamani gani?

3. "Kuficha ufa si kuuziba." Jadili kauli hii ukirejelea maisha ya shule ama ya nyumbani.

4. Kwa maoni yako, ni sheria gani kati ya zile nne za Warumi iliyomsaidia zaidi mtu maskini? Toa sababu.

5. Tunga kisa kifupi kitakachodhihirisha methali: Usipoziba ufa utajenga ukuta.